Nihalalishie, Somo

Habari kwamba somo yangu anakwenda Hija ilinikuta nikidarizi foronya, na kwa furaha nilijichoma sindano kidoleni. Jirani aliyeileta alidhani naifurahia heri ya mwenzangu. Nikamwacha adhani hivyo. Mimi nilifurahi kwa kuwa pesa zangu zilikuwa zinarudi, tena zikija zenyewe kwa miguu. Zingepanda ngazi zangu hapo Kibokoni na kupiga hodi.

Tuliitana somo kwa sababu tulipewa jina moja tulipozaliwa, na tangu chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani tulikuwa chanda na pete. Katikati ya miaka ya tisini tulianza biashara ya mashuka na foronya za maharusi. Mimi nashona na kudarizi. Yeye ananunua vitambaa Biashara Street na kutafuta wateja, maana mimi nikianza tu kutaja bei naona haya. Bi harusi mmoja wa Tudor tulimtengenezea seti nzima, kazi iliyonivimbisha macho. Fungu langu lilikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Kila nikiuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Mteja hajalipa, somo. Wataka nimkabe roho?"

Hadi nilipokutana na mamake bi harusi kwenye arusi nyingine. Akaisifu kazi yangu, akaniambia alilipa zote siku ile ile aliyochukua mzigo. Nilimwendea somo na hasira zangu. Wala hakukana. Alisema pesa ameziingiza kwenye vitambaa, mtaji ni wake, mimi ni mkono tu, na nikitaka kushtaki, korti iko wazi. Mkono tu! Miezi minane nilizunguka na neno hilo. Nilimsimulia kila aliyekaa karibu nami, arusini, matangani, hata dukani nikingoja kupimiwa mchele. Nilimchambua kama karanga. Hakulipa.

Na nilizihitaji hasa. Fundi mmoja wa Kihindi pale Biashara Street alikuwa anafunga duka, anauza cherehani yake ya umeme ya kudarizia, na alikubali kuniwekea hadi Jumamosi tu. Mimi nilidarizi kwa sindano ya mkono, na vidole vilikuwa vimeanza kukataa. Kwa cherehani ile ningeshona mwenyewe, niuze mwenyewe, nisiwe mkono wa mtu.

Sasa, kwetu Mji wa Kale, mwenye kwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, maana Hija haiendewi na haki ya mtu shingoni. Husema: kama nimekukosea, uniwie radhi, kama nimekula chako, unihalalishie. Nawe hujibu, "Nimekuhalalishia," mnakumbatiana, mnalia kidogo, yakaisha. Sikuwahi kusikia mtu akijibu vingine. Somo alilitegemea hilo.

Alikuja Jumatano baada ya alasiri, pamoja na wifi zake watatu. Nilikuwa nimevaa leso mpya, nimekaanga kaimati sinia zima, na moyo wanidunda kama siku ya arusi yangu.

"Somo yangu, mimi nnakwenda," akasema, macho chini. "Kama kuna neno nimekukosea, uniwie radhi. Kama kuna chako nimekila, unihalalishie."

"Neno nimekuwia radhi," nikamjibu. "Na ulichokula nimekuhalalishia chote. Mahamri, mbaazi, ile biriani ya arusi ya mwanangu, vyote halali yako."

Wifi zake wakatabasamu.

"Lakini zile elfu kumi na mbili za mashuka, somo, hizo hukuzila. Umeziweka tu. Ntakuhalalishiaje kitu hujakila?"

Wifi mmoja alibaki na kaimati mkononi, kinywa wazi. Somo akacheka kicheko kikavu.

"Hayo tutazungumza nikirudi."

"Na usiporudi?"

"Astaghfirullahi!" wakasema wifi zake wote kwa pamoja. Hata mimi nilishtushwa na ulimi wangu, lakini sitasema uongo: niliona raha mpaka kwenye kucha za miguu. Waliondoka, kaimati zikabaki nusu sinia.

Alhamisi nzima, nilisimuliwa, kila nyumba aliyoingia aliulizwa swali moja kabla hajavua viatu: "Somo yako amekuhalalishia?"

Ijumaa asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa peke yake. Akaketi, akaniwekea bahasha mapajani.

"Hesabu."

Nikahesabu. Zilikuwa zimetimia. Nusura nipige kigelegele.

"Nimekuhalalishia, somo," nikasema. "Duniani na akhera."

Hakuinuka.

"Mimi nimekula pesa zako miezi minane, na nimezilipa," akasema. "Na weye miezi minane wanila nyama yangu, kila baraza, kila arusi. Hiyo yalipwa na nani?"

Tulifundishwa pamoja, mkeka mmoja, kwamba kumsengenya mwenzio ni kumla nyama yake. Niliyakumbuka yote niliyoyasema, na mengine nilikuwa nimeyatia chumvi. Niliona aibu mbele yake kuliko nilivyopata kuona aibu maishani.

"Nihalalishie, somo," nikamwambia, kwa moyo wangu wote.

Alijitengeneza buibui polepole. Kisha macho yakamcheka, yale yale ya utotoni.

"Hayo tutazungumza nikirudi."

Nilimsikia akishuka ngazi huku akicheka peke yake. Jumamosi mahamali wawili waliipandisha cherehani kwa ngazi hizo hizo, na kwa wiki sita nilidarizi kama niliyepagawa. Na kila baada ya sala nilimwomba Mungu amrudishe salama. Sijawahi kumwombea mtu namna ile, hata wanangu wa kuwazaa.