Shangazi Alivyommeza Kifaru

Sarafu ya shilingi hamsini ina kifaru na mtoto wake upande mmoja. Nilipokuwa mdogo ilininunulia andazi. Siku hizi wenye maduka hapa Kibondo huona uvivu kuitafuta, wanakurudishia pipi. Shangazi yangu hakutaka kusikia habari hizo.

"Sikuja kununua pipi," alimwambia mwenye duka jirani na soko. "Nipe hamsini yangu."

"Dada yangu, hii ya tangawizi inasaidia hata kifua," alibembeleza yule bwana, mtu wa Tanga.

"Kifua changu kizima."

Bwana akainama, akapekua boksi, akaipata. Shangazi alikuwa na jogoo mkono huu na kidumu cha mawese mkono ule, kwa hiyo akaibana sarafu kwa meno. Tulipofika mlangoni jogoo akampiga bawa la uso. Shangazi akashtuka, akavuta pumzi, hamsini ikateremka.

Akanigeukia. "Imekwenda."

"Wapi?" niliuliza.

Akanionyesha tumbo kwa kidevu.

Hospitalini muuguzi aliuliza bila kuinua kichwa, "Mtoto aliyemeza yuko wapi?"

"Ndiye mimi," alijibu shangazi, jogoo kwapani.

Picha ikapigwa. Daktari akatuonyesha duara jeupe, akasema litatoka lenyewe. Ale vizuri, asubiri. Shangazi akaisogelea picha. "Kifaru kageukia wapi?"

Daktari alijaribu kukohoa, lakini kicheko kikamshinda.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Kulipokucha majirani wakaanza kupita na salamu zao za Kiha za asubuhi. "Mwakeye! Kifaru kaamkaje?" Mwanzoni shangazi alinuna, baadaye akawa anajibu kwamba mama na mtoto wanasafiri salama. Mimi niliogopa kweli. Kila akienda chooni nilimfuata na kumuuliza kupitia mlangoni, mpaka akanirushia kandambili.

Jioni moja alitoka huko akitembea kwa madaha kama diwani aliyeshinda uchaguzi. "Wametoka!"

Tukapiga vigelegele. Kesho yake baba, kaka yake mkubwa, akataka kuiona hiyo sarafu.

"Nimeshaitumia," alisema shangazi. "Nimeongezea nyingine, nikanunua kiberiti."

Baba alikitazama kile kiberiti muda mrefu. Tangu hapo, kila chenji inayoingia nyumbani anaiosha kwa sabuni na kuianika kwenye kichanja cha vyombo. Mama anaitupa chini. Anasema sahani zake hazijamkosea mtu.