Theluji ya Bati Jipya

Hata leo nikinusa chuma kinachochomelewa, macho yangu yanajifunga yenyewe kabla sijaona moto uko wapi. Ndiyo harufu ya baba yangu. Alikuwa na kibanda cha kuchomelea milango na madirisha nyuma ya soko mjini Kakamega, na jioni alipovua shati lake lenye vitundu vya cheche, harufu hiyo ilijaa sebuleni na kukutana na harufu nyingine ya nyumbani kwetu, ya mafuta ya mgando. Mama hakumruhusu mtoto kuvuka mlango bila kupakwa. Alitusugua uso, magoti na visigino mpaka tukang'aa, kwa sababu mtoto wake akionekana barabarani amepauka, watu wangeuliza mama yake alikufa lini. Wiki hii nimekasirika sana, sababu nitaisema, na hasira hiyo imenirudisha kwenye Agosti moja ya miaka ya tisini, nilipokuwa msichana mdogo wa darasa la nne na dada yangu Imali alikuwa amechaguliwa na shule yake ya sekondari kwenda kupanda Mlima Kenya.

Baba alikataa. Hakukataa kwa sababu ya baridi wala kwa sababu Imali ni msichana. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwona msichana mmoja wa upande wa Mukumu akishushwa kwenye gari kutoka huko mlimani, amefungwa leso machoni, akishikwa mkono kama bibi kizee. Watu walisema ni baridi imemwingia. Baba alisema si baridi. Yeye alikuwa ameyajua maumivu hayo tangu siku zake za kujifunza kazi, alipotazama moto wa kuchomelea kwa macho matupu, akalala kitandani akilia kama aliyemwagiwa mchanga na pilipili machoni, mama yake akimwekea vipande vya viazi kwenye kope. "Hayo ni macho yaliyopigwa na mwanga," alisema. "Mimi sitapeleka mtoto wangu akapikwe macho kwa sababu ya cheti cha kupanda mlima." Imali aliweka sahani yake ya obusuma, ugali wetu, chini. Alikuwa amekimbia vilima vya kwetu tangu Januari, alfajiri kwa alfajiri, na hakuwa tayari kubaki. "Baba, wewe unaingia kwa huo mwanga kila siku. Mbona wewe si kipofu?" Baba akasema, "Kwa sababu navaanga miwani." Imali akayaonyesha macho yake mwenyewe kwa vidole viwili. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baba akamaliza kula, akanawa mikono, kisha akasema, "Sawa. Nionyeshe kwanza kwamba hutachomeka. Nikiridhika utaenda."

Hivyo ndivyo uwanja wetu ulivyogeuka mlima. Mwalimu wake wa jiografia, ambaye sote tulimwita Madam, alikuja nyumbani kwa baiskeli kueleza. Alikuwa ameshawahi kufika kule juu. Alisema ukipanda sana hewa inakuwa nyepesi na jua halichujwi, na theluji hailimezi jua bali inalirudisha, kwa hiyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, huku baridi ikikudanganya kwamba uko salama. Senge Rosa, dada yake baba, aliyeishi boma la pili na hakukosa kikao chochote, akaangua kicheko. "Madam, jua ni la wazungu hilo. Sisi watu weusi hatuchomekangi!" Madam akamjibu kwa heshima kwamba ngozi nyeusi inavumilia zaidi lakini nayo huchomeka, na kwamba macho hayana rangi ya kuyakinga. Baba hakubishana na yeyote. Alienda nyuma ya nyumba, akaleta bati jipya kabisa, akalilaza kwenye nyasi saa sita mchana. "Imali, simama hapo. Hiyo ndiyo theluji yako." Imali akasimama juu yake, nami nikajisukuma kando yake kwa kutaka kuonekana. Mwanga uliruka kutoka miguuni ukatupiga chini ya kidevu, ndani ya pua, chini ya nyusi, mahali ambapo sikuwahi kufikiri jua linafika. Kofia yangu ya shule haikusaidia lolote kule chini. Nilifumba macho nikaona wekundu, nikaruka nje. Imali hakutoka.

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilipimwa juu ya bati. Miwani ya plastiki ya sokoni ilikuwa ya kwanza kushindwa. Madam alisema kioo cheusi kisichozuia miale ni kibaya kuliko kukosa miwani, kwa kuwa mboni inapanuka gizani na kuikaribisha miale ndani, tena pembeni ilikuwa wazi kama dirisha lisilo na pazia. Baba akaleta ngao yake ya kuchomelea kwa umeme, akajivuna, na Imali alipoivaa alikwaruza mguu kwenye ukingo wa bati na nusura aanguke kwa sababu hakuona hata kidole chake. "Kule ukikosa kuona unapokanyaga, umeenda," Madam alisema, na baba akaipokea ngao yake. Mwishowe alichagua miwani ya wale wanaokata chuma kwa gesi, yenye vioo vya kijani visivyo vizito sana, akashona vipande vya ngozi ya viatu pembeni na mkanda wa mpira nyuma ili upepo usiiondoe. Kwa uso, mama alijaribu dawa ya rangi ya waridi ya kupaka tetekuwanga, ikakauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kilichokaa ni ile dawa nyeupe nzito ya zinki, ya kupaka watoto wachanga matakoni. Imali alijipaka puani, mashavuni, masikioni, midomoni na chini ya kidevu, na ulikuwa msimu wa tohara, vijana wa kutahiriwa wakipita njiani wamepakwa udongo mweupe. Senge Rosa alimwona akapiga makofi. "Wuuu! Mama Imali, toka uone! Kijana wako ametahiriwa lini?" Imali akamjibu, "Bado, Senge. Nakungoja wewe unishikie kisu." Senge alicheka hadi akakaa chini. Baba alimzunguka Imali juu ya lile bati, akainama akachungulia chini ya kidevu chake kama anakagua mlango wa mteja, akasema, "Nenda."

Alirudi Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani. Baba hakumsalimia. Alimshika kichwa, akamgeuzia kwenye mwanga, akamfungua kope moja, kisha nyingine. Macho yalikuwa meupe safi. Ndipo akacheka na kumwambia, "Karibu nyumbani, mama." Lakini mashavu yalikuwa yamebabuka kama kiazi kilichosahauliwa jivuni. Imali alisimulia kwamba kule kwenye kibanda cha juu, kabla ya kuikanyaga barafu, alijipaka mafuta ya mgando kwanza, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake, ndipo akaweka ile dawa nyeupe juu yake. Dawa haikushika. Jua lilipopanda iliteleza na jasho ikaishia kwenye kola. Mama alilitazama kopo la mafuta, likiwa dirishani pale pale lilipokuwa miaka yote. "Mimi ndiye nilikuzoesha," alisema. "Basi nitakuzoesha tena." Na akafanya hivyo: dawa kwanza, mafuta ya mgando baadaye. Imali ana madoa mawili mashavuni mpaka leo, lakini anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Sasa nina binti, Zipora, na Zipora ana ualbino. Yote niliyofundishwa kwa ajili ya safari moja, yeye anayahitaji kila siku ya Mungu akitembea kwenda shule. Namvalisha kofia pana, miwani, mikono mirefu, namkinga hata chini ya kidevu, na mafuta ya kuzuia jua yanakuja kwanza, si mwisho. Siku hizi dawa zipo dukani, maneno yapo redioni, vitabu vinasema. Mama yangu hakuwa na hayo, na bado alibadilika kwa siku moja kwa kutazama mashavu ya mtoto wake. Wiki hii mwalimu mkuu alimvua Zipora kofia kwenye gwaride kwa sababu si sare, na alipoenda kusimama kivulini akarudishwa mstarini. Amerudi na shingo yenye malengelenge. Nilienda shuleni, mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, jua la asubuhi haliui mtu." Sikupiga kelele. Nilienda kwa baba, ambaye sasa ni mzee na kibanda alishafunga, nikamwambia naomba bati, nataka kulilaza kwenye uwanja wa shule mbele ya wazazi wote na kumwomba mwalimu mkuu asimame juu yake bila kofia mpaka kengele ya chakula. Nilidhani atanikataza. Nilivuta bati moja kuukuu lililoegemea ukuta wa jikoni, akanishika mkono.

"Wacha hilo, limepauka," alisema. "Chukua jipya."