Picha ya Wazee na Bata Bukini

Solange Perrachon aliukumbatia mkoba wake utadhani ameketi na kibaka, kumbe aliyeketi naye ni wifi yake, Huguette.

"Legeza mikono, wifi. Itakufa ganzi, na mnadani bei hupandishwa kwa kidole."

"Niache."

Ukumbi ulijaa watu waliofuata mali ya marehemu daktari. Solange alimpikia daktari huyo, na mumewe Anselme akamtunzia bustani, mpaka wote watatu wakazeeka. Sasa watoto wa daktari walikuwa wanauza kila kitu, hata vijiko. Solange hakutaka vijiko. Alitaka picha moja kuukuu ya rangi za mafuta, iliyotundikwa chumba cha kulia tangu enzi za babu yake daktari. Pichani, mume na mke wazee na maskini wamekaribisha wageni, na bibi anamkimbiza bata bukini wao wa pekee amchinje. Wageni wenyewe ni miungu ya kale iliyojifanya wasafiri. Baadaye miungu ikawauliza wenyeji wanataka nini, na wazee wale hawakuomba dhahabu. Waliomba wafe siku moja.

Anselme alikuwa hatoki tena kitandani. Alimwomba mkewe jambo moja tu, picha ile iwe mbele ya macho yake hadi mwisho. Basi wakauza shamba lao la kando ya kijito. Majirani wakacheka, wenye akili zao. Na wacheke; shamba halikai na mgonjwa.

Dalali, mwanamama mwenye sauti kali, akaitangaza picha. Vauthier, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Lyon, akataja bei. Solange akanyoosha kidole. Vauthier akaongeza bila hata kuinua macho. Solange akanyoosha tena, Vauthier akaongeza tena.

"Mshenzi huyo ana pesa za kuchezea," Huguette alinong'ona. "Lakini kutangulia si kufika. Nyoosha!"

"Nikinyoosha tena hatubaki hata na ya jeneza."

"Tutakufunga kwenye shuka. Nyoosha, mwanamke wewe!"

Akanyoosha. Vauthier akageuka kumtazama, akaitazama picha, akabinua midomo, kisha akarudisha kalamu mfukoni. Dalali akauliza kama kuna mwingine. Hakuna. Akagonga nyundo.

"Imekwenda! Kwa mama wa koti la kijani!"

Huguette alimrukia shingoni. Huko nyuma mwanamke mmoja mwembamba alisimama, akasema maneno machache ambayo Solange hakuyasikia vizuri, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata Vauthier alipiga. Machozi yakamtoka Solange. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake. Akainuka, akawainamia kichwa wa upande huu na wa upande ule, akishukuru. Makofi yakaanza kupungua, na watu wakawa wanamtazama kwa huruma.

"Keti, wifi," Huguette alisema. "Keti kwanza."

"Kuna nini?"

"Yule aliyesimama ni wa serikali. Wameichukua kwa ajili ya makumbusho. Ndiyo sheria yao, wanangoja nyundo igongwe, halafu wanachukua kwa bei uliyofikia wewe. Watu wanashangilia kwa sababu picha inabaki nchini."

"Lakini nimenunua mimi."

"Umenunua, ndiyo. Wamechukua wao."

Solange aliwachukia wote waliokuwemo humo, kuanzia dalali hadi mbeba viti. Simu ikaita mkobani. Ilimchukua muda kuufungua ule mkoba, vidole vilikuwa vimekakamaa kweli.

"Solange?" Sauti ya Anselme ilikuwa hafifu. "Tayari? Mbona kuna kelele?"

Huguette akageuza uso pembeni.

"Ukumbi mzima ulipiga makofi, Anselme," alisema Solange.

"Nilijua tu!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua! Basi njooni nayo upesi. Jirani ameshanipigilia msumari ukutani."