Programu ya hesabu ilivyomshusha binti wa Goziba hadi darasa la tatu

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika si fani yangu. Nafundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili, shule ya kata huku Kemondo. Wanafunzi wananiita Madam, na nyie niiteni hivyo hivyo. Nitakayosema yamenitokea mwenyewe. Jina la mtoto nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo.

Kilichonileta ni ule uzi wa watu wanaoulizana site gani nzuri ya kufundishia hesabu. Naona kila mtu anabandika link na kusifia. Mimi pia nazitumia, sijaja kuzikandia. Nimekuja na kisa.

Shule yetu ilipata tablet kutoka kwa mdau mmoja aliyesoma pale zamani. Bando letu ni la kuungaunga, kwa hiyo mwalimu wa TEHAMA alidownload mazoezi kutoka site moja ya nje, ya bure, tukawa tunayatumia offline.

Kusema kweli ni kitu kizuri. Mtoto anarudia somo la namba hasi mpaka aelewe, na tablet hainuni. Mimi huwa nanuna, siwezi kuwadanganya.

Sasa ile programu, kabla ya kumfundisha mtoto, inampima kwanza. Akipata inampandisha level, akikosa inamshusha. Mwisho inamwandikia mwalimu maoni.

Tukawapima kidato cha kwanza wote.

Waliotoka English medium za Bukoba mjini wakapanda juu. Wa kayumba, shule za msingi za serikali, wengi wakaporomoka. Ofisini hakuna aliyeshangaa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyeporomoka kuliko wote alikuwa Adventina. Programu ilisema uwezo wake ni wa darasa la tatu. Kwenye maoni ikaandika majibu yake hayana mpangilio, huenda anabahatisha.

Nilishindwa kuelewa. Adventina huyo ndiye ambaye nikiandika swali ubaoni, kabla sijafika mwisho wa mstari yeye ameshaweka kalamu chini.

Mama yake anapika chakula kambini kisiwani Goziba, anawauzia wavuvi. Mtoto aliletwa huku kwa bibi yake ili asome. Ni mpole, hata chaki ikimdondokea mtu yeye ndiye anaomba msamaha.

Mwalimu wa taaluma akaja na mpango. Wote wa chini wahamishiwe mkondo C, warudie hesabu za msingi, na wasiguse mada za kidato cha kwanza mpaka programu iwapandishe. Nilibisha kikaoni.

Akaniambia, "Madam, wewe unawaonea huruma. Kompyuta haina huruma wala upendeleo."

Nikakaa.

Haikuchukua muda Adventina akaacha kuja shule. Nikamuuliza anayekaa naye dawati moja. Akasema Adventina anasubiri boti ya Ijumaa, anarudi kwa mama akasaidie kupika. "Anasema hata kompyuta imeona hana akili."

Wakuu, mnaoijua Goziba mnanielewa. Msichana wa umri ule akishaizoea kambi na hela yake ya kila siku, kumrudisha darasani ni shughuli. Nilijua akipanda ile boti nimempoteza.

Alhamisi mchana nikabeba tablet, nikachukua bodaboda mpaka kwa bibi yake. Nikamkuta bibi kibanjani, kwenye migomba, anamenya ndizi za katogo.

"Mwalimu waitu, karibu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Umekuja kumchukua au kumuaga?"

"Nimekuja kumuuliza kitu, bibi."

Adventina akatoka ndani, akapiga goti, akanisalimia bila kuniangalia. Nilipotoa tablet akarudi nyuma. "Madam, hiyo inanikataa."

Bibi akamwambia maneno mawili matatu ya Kihaya, ya ukali kidogo. Mtoto akakaa.

Nikamwambia afanye ule mtihani upya, mimi nitazame tu.

Swali la kwanza lilikuwa picha ya saa ya mishale. Mshale mfupi uko kwenye nane, mrefu uko kwenye kumi na mbili. Swali linauliza ni saa ngapi. Akaandika 2:00. Nyekundu.

Saa nyingine, mshale mfupi kwenye kumi na moja. Akaandika 5:00. Nyekundu.

Likaja swali gumu zaidi: duka linafunguliwa 9:00 asubuhi, linafungwa 5:00 jioni, limekuwa wazi saa ngapi? Hata hakufikiri. Akaandika 8. Kijani.

Ndiyo maana ikasema anabahatisha. Anakosa rahisi, anapata gumu.

Nikamrudisha kwenye ile picha ya kwanza. "Hii umeipataje?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina lake nani. "Mshale uko kwenye nane, Madam. Nane si ndiyo saa mbili? Kama boti ya kesho."

Jamani.

Niliona aibu, halafu nikapata hasira, halafu nikacheka. Mimi mwenyewe simu yangu inaandika 08:00 na mdomo wangu unasema saa mbili, kila siku, tangu nijue kusoma. Wewe unayesoma hapa pia. Hatujioni kama tunafanya hesabu, lakini tunaondoa sita kichwani bila kujijua.

Waliotengeneza ile programu siku yao inaanza katikati ya usiku. Ya kwetu inaanza jua likitoka. Mtoto alikuwa anasoma saa sawasawa kabisa. Programu ikamshusha. Ikishamshusha inamletea saa nyingine, rahisi zaidi, naye anaisoma sawasawa, inamshusha tena.

Wale wa English medium walishazoeshwa "eight o'clock" tangu chekechea. Mkondo A na mkondo C ilikuwa inatenganishwa na saa ya ukutani.

Nikamweleza bibi kwa kifupi. Akaacha kumenya.

"Kwa hiyo saa zetu ndizo mbovu?"

"Hapana bibi, si mbovu."

"Basi mwambie."

"Nani?"

Akaelekeza kisu kwenye tablet. "Huyo aliyemo humo."

Adventina alikuwa ameinama bado anaitazama ile picha. Akauliza taratibu, "Madam, nikijumlisha sita itakubali?"

Ningeweza kumwambia asome tu namba mshale ulipo, basi. Nikamwambia ajaribu. Sikutaka kumharibia.

Mshale kwenye kumi. Saa nne, jumlisha sita, kumi. Kijani.

Mshale kwenye tatu. Saa tisa, jumlisha sita, kumi na tano. Akakwama. Akahesabu na vidole kwenye kanga ya bibi. "Imepita kumi na mbili… naanza upya… tatu." Kijani.

Wakuu, hicho kitu mimi nilifundishwa chuo, na kilikuwa na jina refu. Yeye alikipata mwenyewe kwenye mkeka, maganda ya ndizi yamemzunguka.

Katogo ilipoiva alikuwa ameshavuka saa zote, yuko kwenye aljebra.

Sikumwomba abaki. Nilimwambia tu kesho saa mbili nina kipindi, na nitaanza na swali la saa. Nikaondoka sijui kitakachotokea.

Ijumaa saa mbili nilikuwa darasani, uso ubaoni. Nilichora saa mbaya, duara kama kiazi. Dawati lake lilikuwa tupu. Niliendelea kuandika ili watoto wasinione machoni.

Nikasikia mlangoni, "Samahani Madam, nimechelewa. Nilienda kupandisha ndizi za mama botini."

Viatu vyake vilikuwa vimeloa. Nikamwambia akae.

Mchana nikamfuata mwalimu wa taaluma ofisini, nikamwonyesha picha ya saa kwenye tablet. "Mwalimu, hebu nisaidie, hii ni saa ngapi?"

"Saa nne na robo," akajibu haraka haraka.

Nikaandika 4:15 mbele yake. Nyekundu. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta. Mkondo C ulikufa hapo hapo, na nampa heshima yake, alienda mwenyewe kuwaeleza watoto.

Site yenyewe niliiandikia. Nilijibiwa na mashine, ikanishukuru.

Nilichojifunza: hizo link tumieni, zinasaidia. Ila mtoto akipata nyekundu, kabla hujaiamini, muulize amefikaje pale. Swali hilo programu haijui kuuliza. Sisi tunajua, lakini tumeanza kuacha.

Walimu na wazazi mlioko humu, ni nini kingine kimewaangusha watoto wenu kwenye hizi programu wakati wao wako sahihi? Wekeni hapa chini, nataka niwe nawaangalia wa kwangu kabla hawajafika mwaloni kupanda boti.

Nawaacha, kipindi kinaanza. Ni saa mbili kamili, na Adventina ameshafika.