Email ya Mzee Mutiso

Leo nimegundua nimemkosesha mtu kazi nikiwa nimeketi tu.

Mnajua niko na saiba, duka la intaneti, hapa Mowlem. Nusu ya mtaa, email zao nimewafungulia mimi, na paswadi ziko kwa daftari langu.

Leo Jumatano akaingia Mzee Mutiso, dereva aliyeachishwa kazi mwaka jana.

"Hebu niangalilie kama nimeandikiwa."

Nikafungua. Kampuni moja ya Industrial Area ilikuwa imemwita intaviu.

Ya Jumatatu. Yaani juzi!

Nikachemka. "Mzee, hii imekaa hapa tangu Ijumaa! Mbona hukuja kuangalia?"

"Si wako na namba yangu? Mtu akikutaka kweli anakupigia."

Nikawapigia mimi. Dada aliyeshika simu akasema nafasi imeshachukuliwa, na wao walituma email.

Nikamgeukia mzee nimpe somo. Akanijibu polepole, bila hasira hata kidogo:

"Lakini nilikuja kuangalia. Jumamosi nilisimama hapo mlangoni nikakusalimia. Hukuniambia kitu."

Jamani.

Nakumbuka. Nilikuwa natoa fotokopi. Nilimpungia mkono bila kuinua macho.

Ameniomba niwaandikie wale wa kampuni, niwashukuru kwa kumwita. Nimeandika, nimetuma, kisha nimewapigia kuwaambia nimetuma.

Nimechoka, wacha niwaulize tu. Nyinyi mnaopita hapa kila asubuhi mkinisalimia, huwa mnanisalimia, ama mnaangalia email?