Mawili Yalale, Mawili Yakeshe

Shangazi yangu Nabututu huuza viazi vitamu vya kuchemsha mbele ya nyumba yake huko Nyalenda, na viazi hivyo huvilima mwenyewe kando ya kijito. Hajawahi kununua mbegu. Huchukua marando, yale mashina ya viazi yanayotambaa, huyakunja katikati, huzika tumbo na kuacha ncha mbili nje. Kwa njia hiyo amelea watoto wanne, na mimi pia miaka yote niliyosoma Maseno. Ndiyo maana Mama Shakir alipomjia akilia, yeye hakuona tatizo.

Mama Shakir, jina lake Salme, alikuwa jirani yetu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mzabibu ambao marehemu baba yake, dereva wa lori, aliuleta kutoka Dodoma. Sasa mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa. Jumamosi ukuta ungebomolewa, mzabibu ungekwenda nao, na Salme angehamia Bondo kwa mwanawe. Kuhama hakukumliza. Kilichomliza ni kwamba hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

"Nyamaza basi," shangazi alimwambia. "Hayo ni marando tu yenye kiburi. Utapata mti wako."

Akakata matawi kumi na mawili, akaanza kuyakunja. Saba yakavunjika papo hapo.

"Nabututu, baba hakuwa akikunja," Salme alisema polepole.

"Baba yako alikuwa dereva. Mkulima ni mimi."

Akayazika yale matano. Jumamosi ukuta ukaanguka, Salme akaondoka. Kufikia Alhamisi iliyofuata ncha zote kumi zilikuwa zimekauka, na matumbo yalikuwa yameoza kwenye ule udongo wetu mweusi unaoshika maji. Shangazi hakuchemsha viazi siku hiyo. Alikaa na simu mapajani hadi saa nne, kisha akapiga.

"Mama Shakir, nimekosa. Yote yamekufa."

"Halikupona hata moja?"

"Hata moja. Niambie baba yako alifanyaje."

Salme akasema kama mtu anayekariri: "Chagua tawi nene kama penseli. Kila kijiti macho manne ya kuchipua: mawili yalale udongoni, mawili yakeshe juu. Chini kata sawa, juu kata mshazari, usije ukakisimamisha kwa kichwa. Lakini mti si wameshaukata?"

"Niachie mimi."

Tulienda kwenye kifusi. Shangazi alivuta matawi kutoka chini ya mawe yenye unyevu, akiyakwaruza kwa ukucha. Kahawia. Kahawia. Kisha kijani. Alipata vijiti tisa. Tulichanganya mchanga wa ziwani na mbolea iliyooza vizuri, tukajaza mikebe ya rangi tuliyoitoboa chini, tukaipanga kivulini.

Wiki ya tatu majani yakatokea. Shangazi alipiga simu akipiga vigelegele.

"Usishangilie," Salme alimwonya. "Majani hutangulia, mizizi hufuata ikipenda. Na usivute uone."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Shangazi ni mtu wa kupapasa udongo kwa vidole ajue kiazi kimefikia wapi. Sasa alizunguka mikebe ile na mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Vijiti sita vilikauka pamoja na majani yake, naye hakugusa hata kimoja hadi kilipoinama chenyewe.

Wiki ya saba, chini ya mkebe mmoja, uzi mweupe ulichungulia tunduni. Kufikia jioni tulikuwa tumeuona kwenye yote mitatu.

"Mama Shakir," shangazi alisema kwenye simu, "baba yako amefika. Miche mitatu."

Upande wa pili tulisikia mtu akivuta kamasi.

"Shakir atakuja Jumapili kuchukua miche yangu. Umesema mitatu?"

"Miwili. Mmoja nimeshauweka hapa mlangoni kwangu."

"Nabututu, wewe ni mwizi!"

"Ndiyo. Mzabibu ukizaa, njoo unishtaki. Na ulale kwangu wiki nzima."