Siku Maneno Yalipopotelea Tumboni mwa Ng'ombe

Chekeni kwanza mmalize, halafu nisimulie, maana mkinikatiza kwa vicheko nitakasirika na hamtausikia mwisho. Ndiyo, ni mimi. Mimi Nafula, msichana wa Kitale niliyekwenda Lodwar na cheti changu cha kompyuta na kiburi changu chote, ndiye niliyefanya ng'ombe wa mwenyekiti agawanywe paja na ini akiwa bado anatembea na kengele shingoni.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, na ofisi yetu ndogo ya kusaidia wafugaji pale Lodwar (watu wachache na feni moja, na hiyo feni ilikuwa ya mkubwa) ilikuwa imepata kompyuta. Mkubwa wetu, Bwana Mutiso, alikuwa amerudi kutoka semina ya Nairobi akiwa na ugonjwa wa mtandao, yaani kila kitu kwake ni mtandao, hata chai ikichelewa anasema tungekuwa na mtandao ingekwishafika. Sasa wafugaji wa kule Lokitaung na Nakalale walikuwa wanataka soko lao wenyewe la mbuzi Kakuma, kwa sababu watu wa kambi ya wakimbizi ya pale walikuwa wanakula nyama kila siku lakini mbuzi wanaletwa na malori kutoka mbali, na wao wenye mbuzi wako hapo hapo wanatazama vumbi la malori. Wenye bucha walikubali kujaribu Jumamosi moja tu. Jumamosi hiyo ikiharibika, wanarudi kwa malori yao, na wafugaji wanarudi kwao kwa miguu na mbuzi wao, mwendo wa siku kadhaa kwa jua lile mnalolijua.

"Nafula, tengeneza ukurasa wa mtandao," mkubwa akasema. Mtandao wenyewe Lodwar ulikuwa unakatika hata mtu akipiga chafya, kwa hiyo tukapanga ukurasa uende Kakuma kwa disketi, kuna ofisi moja kambini ina kompyuta, wataigeuza iangalie dirishani na watu watasoma wiki nzima wakipita.

Mwenyekiti wa wafugaji alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Apalomeri, maana yake baba wa yule wa madoa. Kwa Waturkana mwanamume hupata jina kutoka kwa dume wake wa ng'ombe, anamwimbia, anampamba, na ukimuuliza bei ya huyo dume ni kama umemuuliza yeye mwenyewe anauzwa ngapi. Basi mzee akaingia ofisini na fimbo yake na kigoda chake cha kukalia, akanitolea picha iliyofungwa ndani ya kitambaa.

"Ejok, Nafula," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi, apa," nikaitikia, yaani njema sana, baba.

"Hii ndiyo dume yangu. Weka yeye kwa hiyo kompyuta, ajae yote. Watu wakiona yeye, wanajua soko ni ya Apalomeri."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa ametuonya mpaka sauti ikamkauka, msilaze maneno juu ya picha, na hasa picha yenye rangi zinazogombana, na dume huyu alikuwa mweusi hapa, mweupe pale, mweusi tena, mweupe tena, Mungu alimchora akiwa na furaha. Ningemweka ng'ombe juu peke yake na maneno chini, tukamaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini mzee ananitazama, mkubwa ananitazama, na mimi nilikuwa natamani sana kuonyesha ujuzi. Nikasema, "Sawa, apa."

Nikaandika kwa herufi nyeusi, nusu ya maneno yakazama kwenye mabaka meusi. Nikabadilisha zikawa nyeupe, ile nusu nyingine ikazama kwenye meupe. Nikafifisha picha iwe ya kijivu kijivu ili maneno yatokeze, mzee akainama akatazama, uso ukabadilika.

"Huyu ni mgonjwa. Umefanya nini dume yangu?"

Nikairudisha, nikapitisha utepe mweupe nyuma ya maneno.

"Sasa umefunga yeye na kitambaa. Ako na kidonda?"

Basi nikajiona mjanja. Nikaacha herufi nyeupe, halafu nikausukuma kila mstari mmoja mmoja mpaka ukakaa juu ya baka jeusi, siku nzima nasukuma maneno kama mtu anayeingiza mbuzi zizini. Begani: KARIBUNI SOKO LA KAKUMA JUMAMOSI. Tumboni: TUNAUZA MBUZI WENYE AFYA. Karibu na paja: NG'OMBE HUYU HAUZWI. Huo mstari aliutaka mzee mwenyewe, akaniambia niusome, nikausoma, akaniambia niusome tena. "Hiyo ndiyo kubwa," akasema. Chini kabisa miguuni: BEI NI MAELEWANO. Nikayafanya maneno yawe yanawaka na kuzimika (msinicheke, enzi zile ndiyo ilikuwa fasheni), mkubwa akapiga makofi, disketi ikaondoka Jumatatu na gari la kwenda Kakuma.

Nilichosahau, na nilikuwa nimefundishwa, ni kwamba maneno ya ukurasa wa mtandao hayakai ulipoyaacha. Kioo cha kompyuta ya Kakuma kilikuwa kidogo kuliko chetu, na kwenye kioo kidogo maneno yanasogea yenyewe kutafuta nafasi.

Jumamosi tukafika Kakuma na gari la ofisi, tukakuta wafugaji wameshaingia na mbuzi wao, kundi zuri sana, na mbele yao Mzee Apalomeri na dume wake, amempaka mafuta anang'aa, kengele inalia. Na watu! Sijawahi kuona watu wengi vile sokoni. Hakuna aliyetazama mbuzi hata mmoja. Wote wamemzunguka dume, wanamsifu, wanatikisa vichwa, mzee meno yote nje, akainua mikono kama pembe akaanza kumwimbia, na mimi nikamnong'oneza mkubwa, "Unaona nguvu ya mtandao?"

Halafu Abdi mwenye bucha akasogea akamminya dume pajani. "Wallahi amenona. Tunachinja hapa ama nabeba?"

Wimbo ukakatika. Kabla sijafungua mdomo, akajipenyeza Mama Nyandeng, mama mmoja wa Sudan aliyekuwa na kibanda cha chakula kambini, beseni kichwani. "Yaa Abdi, ini ni yangu! Tulipanga na wamama wa kanisa. Miguu ya nyuma ya kwaya, wewe chukua mbavu." Nyuma yake vijana wanabishania kichwa. Kumbe wiki nzima walikuwa wamesimama dirishani wakimgawanya.

Mzee akanigeukia polepole. "Nafula. Hawa wanasema nini juu yangu?"

Juu yangu, alisema. Si juu ya ng'ombe. Nikasema kwa sauti ambayo haikuwa yangu kwamba watu hawakusoma vizuri, imeandikwa wazi kabisa. Abdi akasema twende tuone. Soko zima likaenda, na dume naye akaletwa.

Pale dirishani, ndugu zangu, dume alikuwa amejaa kioo, mzuri ajabu. Begani: KARIBUNI SOKO LA KAKUMA JUMAMOSI. Miguuni: BEI NI MAELEWANO. Katikati hakuna kitu. Mbuzi wangu na onyo la mzee vyote vilikuwa vimehamia kwenye baka jeupe, nyeupe juu ya nyeupe, vinawaka na kuzimika bila mtu kuona.

"Imeandikwa hapa!" nikasema, nagonga dirisha kwa kidole kwenye tumbo la ng'ombe. "Hapa hapa!"

"Dada," Abdi akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "mimi nimesoma. Hapo iko ng'ombe."

Mzee akamwita dume wake, akawapigia watu wake mluzi. "Tunarudi na mbuzi yetu. Hakuna soko." Na mbuzi wakaanza kweli kugeuzwa, Bwana Mutiso anafuta jasho, mimi machozi yananilenga, nikakimbilia ndani ya ile ofisi ya kambini, nikashika mausi, nikaiburuta juu ya tumbo la ng'ombe kama mtu anayesafisha meza. Ukitia alama maneno, mnajua, hupata rangi ya buluu nyuma yake. Nje nikasikia umati ukipiga kelele, maana maneno yalikuwa yametokea tumboni mwa dume.

Mzee akarudi dirishani. Hakutaka mimi nisome. Akamwambia Mama Nyandeng asome.

Mama akashusha beseni, akasoma taratibu, kisha akashika mdomo. "Ng'ombe huyu hauzwi. Malesh, mzee, samahani, malesh! Hii ni dume ya jina! Kwetu pia baba yangu alikuwa na yake. Na mimi nimekuja na beseni!"

Mzee akanielekezea fimbo. "Kwa vile maneno yake hayaonekani, atasema na mdomo." Basi nikamwambia mzee pole, nikatangulia mbele ya dume, na viatu vyangu vya ofisini, nikizunguka soko lote la Kakuma nikipaza sauti, "Ng'ombe huyu hauzwi! Wanaouzwa ni mbuzi!" na watoto wanaitikia, na kila nikipunguza sauti mzee ananigusa na fimbo begani. Sauti ilikauka, lakini mbuzi waliuzwa, na kwaya ilipata miguu yake ya nyuma, ya mbuzi.

Nikadhani yamekwisha. Jua lilipoanza kulegea mzee akaniita, akanisimamisha uso kwa uso na dume. "Mimi umeniambia pole. Yeye bado."

Nikatazama huku na huku. Mkubwa wangu anatazama mawingu ambayo hayakuwapo. Nikasema, "Samahani." Mzee akasema ng'ombe hajasikia. Nikainama, mimi na cheti changu cha kompyuta, nikasema kwa nguvu, "Nisamehe, sitaandika juu yako tena!" Dume akanipumulia pumzi ya moto usoni, akageuka akaenda zake. "Amekubali," mzee akasema, akanishika mkono.

Tangu siku ile nikiandika, ni herufi nyeusi juu ya nyeupe, na picha inakaa peke yake kwa heshima yake. Vijana wa siku hizi wananiambia kurasa zangu hazina urembo. Nawaambia sawa, nendeni kwanza mkamwombe ng'ombe msamaha mbele za watu, halafu mje tuzungumze habari ya urembo.